MHESHIMIWA LUMBESA, MWALIMU DEBE, MZEE WA MGAMBO MKONO MTUPU: HII MIZANI YA MAFAO KAIPANGA NANI?

Wadau, leo habari za nani kaachana na nani zisubiri kidogo. Kuna stori ya hela, tena hela yenyewe ni ya kila mtu, kuanzia anayenunua vocha ya jero mpaka anayekatwa ushuru wa mazao kwenye geti la halmashauri.

Picha linaanzia Izia, Sumbawanga mjini. Ni tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa. Baridi ya Ufipa mwezi huo hata mwenye makoti mawili anatetemeka. Kwenye kijiwe cha bodaboda redio inaongea, viongozi wanaweka mashada kwenye mnara, bugle inalia. Mzee mmoja kakaa kwenye benchi, kajifunika koti kuukuu, anasubiri apate usafiri wa kwenda kuchukua dawa za presha.

"Shikamoo babu," kijana wa boda anamsalimia.

"Marahaba mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo babu. Leo si siku yenu? Wanasema wewe ulikwenda vita ya Kagera."

"Nilikwenda."

"Sasa kwa mwezi wanakupa shilingi ngapi?"

Mzee anacheka mpaka anakohoa. "Mimi nilikuwa mgambo, mjukuu wangu. Mgambo vita ikiisha anarudi shambani."

Kabla kijana hajajibu, shangingi jeusi linapita taratibu, vioo vimepandishwa nusu. Kijiwe kizima kinasimama na kupunga mikono. "Mheshimiwa kaja! Leo ya soda haikosekani!" Mzee naye kasimama, kapunga.

Jina la mzee halihitajiki hapa, na la mheshimiwa halihitajiki pia. Watu wa aina yao wapo, ukitafuta Izia utawapata, ukienda Laela, Matai au Namanyere utawapata vilevile. Cha kuulizwa ni kimoja tu: hawa wote wameitumikia nchi moja, kwa nini wakati wa kupimiwa kila mmoja anawekewa kipimo chake?

VIPIMO VYENYEWE NI HIVI

Mtu wa Ufipa ukimwambia lumbesa hahitaji kamusi. Ni lile gunia linalojazwa likashonewa na kilemba juu, mkulima analipwa gunia moja lakini mnunuzi anaondoka na moja na zaidi. Serikali imelipiga marufuku lumbesa kwa sababu ni kipimo cha dhuluma. Sasa angalia mafao.

Tuanze na mwalimu. Chukua mwalimu aliyefundisha miaka 35, ambayo ni miezi 420, akastaafu na mshahara wa shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Kwa kikokotoo cha zamani cha mfuko wa PSPF, alikuwa anachukua nusu ya mafao yake kwa mkupuo. Piga hesabu, anaondoka na karibu milioni 87 mkononi, halafu pensheni ya kama 467,000 kila mwezi.

Mwaka 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF ikaunganishwa ikawa PSSSF. Kanuni mpya zikataka mkupuo ushuke mpaka asilimia 25. Kelele zikapigwa nchi nzima, na Desemba mwaka huohuo Rais akazisimamisha. Julai 2022 kikaja kikokotoo kingine, asilimia 33. Mwalimu yuleyule, miaka ileile, mshahara uleule, mkupuo wake ukawa kama milioni 43. Nusu ya kile alichokuwa anakiota akiwa anasahihisha madaftari kwa koroboi.

Haki isemwe pia: pensheni yake ya kila mwezi ilipanda, ikafika kama 582,000. Wataalamu walisema mifuko ilikuwa inaelemewa, na kwamba mstaafu akipewa hela nyingi kwa mara moja anaishiwa mapema. Hoja hiyo ina uzito, kila mtaa una mfano wa mstaafu aliyenunua Hiace, ikafa baada ya mwaka, na yeye akaifuata. Wastaafu waliendelea kulalamika, na bajeti ya 2024/25 ikaongeza mkupuo hadi asilimia 40 kwa wale waliokuwa wanapata 50 zamani, na hadi 35 kwa waliokuwa wanapata 25. Kwa asilimia 40, mwalimu wetu anapata kama milioni 52 na pensheni ya 521,000.

Sawa. Sasa mgeukie mheshimiwa.

Mbunge anakaa bungeni miaka mitano. Miezi 60. Muhula ukiisha anapewa kiinua mgongo chake, na mwaka 2015, Bunge la Kumi lilipokuwa linafunga virago, magazeti yaliandika kwamba kila mbunge angeondoka na zaidi ya shilingi milioni 200. Hakuna aliyemwambia kwamba hela nyingi kwa mkupuo zitamharibu. Hakuna aliyemwambia, "Mheshimiwa, chukua asilimia 40, nyingine utakuwa unapewa kidogokidogo kila mwezi usije ukanunua Hiace."

Hapo ndipo penye kidonda. Kama busara ya kutopewa hela zote kwa pamoja ni busara kweli, basi ni busara kwa kila mtu. Haiwezekani mwalimu wa miaka 60 aonekane hajui kutunza hela, halafu mwanasiasa wa miaka 35 aliyemaliza muhula mmoja aonekane anajua.

Juu yao yupo Rais mstaafu. Sheria ya mafao ya viongozi wa kisiasa ya mwaka 1999 inampa pensheni ya asilimia 80 ya mshahara wa Rais aliyeko madarakani, mbali na huduma nyingine. Soma tena hayo maneno: aliyeko madarakani. Maana yake mshahara wa Ikulu ukipanda, pensheni ya mstaafu inapanda yenyewe, haihitaji maandamano wala mkutano na waandishi. Ni utaratibu mzuri sana kwa mtu asiyeweza kurudi kazini. Swali ni kwa nini uzuri huo umeishia kwa watu wachache hivyo.

ASKARI NAYE?

Hapa lazima twende taratibu, maana kuna watu wakisikia mafao ya wanajeshi wanadhani wote wanakula bata.

Mwanajeshi wa JWTZ hachangii PSSSF kama mwalimu, mafao yake yanatoka serikalini moja kwa moja. Kuna wanaomwonea wivu kwa hilo. Lakini kazi yake haina mfano. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani ilivamiwa kule Semuliki, Kivu Kaskazini, na Tanzania ikapokea miili ya vijana wake 14. Hakuna kikokotoo cha kitu hicho. Na askari wa cheo cha chini anastaafu mapema, watoto wake bado wako shule, tofauti na mtumishi wa ofisini anayesubiri miaka 60.

Halafu kuna wale wa zamani. Aliyestaafu miaka ya 80 na 90 alipigiwa hesabu kwa mshahara wa wakati ule, shilingi ikiwa na nguvu nyingine kabisa. Mpaka katikati ya 2015 kima cha chini cha pensheni inayolipwa na Hazina kilikuwa kama shilingi 50,000 kwa mwezi. Julai 2015 kikapandishwa mpaka kama 100,000, na baadaye kimesogezwa tena. Fikiria mtu aliyeingia Kampala na jeshi Aprili 1979, miaka 36 baadaye anaishi kwa 50,000 kwa mwezi. Gunia la mkaa na mafuta ya kula, imekwisha.

Kwa hiyo askari wa kawaida si wa kulaumiwa kwenye hii mizani. Naye kapimiwa debe, tena wakati mwingine debe lenye tundu.

Kuna tukio moja linaeleza kila kitu. Bajeti ya mwaka 2016/17. Serikali ilisema misamaha ya kodi imezidi, ikaleta mambo mawili. La kwanza, kuondoa msamaha wa kodi kwenye yale maduka ya majeshi ambako askari walikuwa wananunua bati, simenti na friji kwa bei nafuu, na badala yake walipwe posho. La pili, kuanza kukata kodi kwenye kiinua mgongo cha wabunge.

Unajua kilichotokea? La askari lilipita kimyakimya, maana askari haruhusiwi kugoma wala kuitisha mkutano. La wabunge likawasha moto Dodoma. Waheshimiwa wakasimama mmoja baada ya mwingine, wa chama tawala na wa upinzani, siku hiyo wakawa kitu kimoja. Hoja yao kubwa ilikuwa: kwa nini sisi tu? Kwa nini viongozi wengine wa kisiasa wasikatwe?

Swali zuri sana hilo. "Kwa nini sisi tu" ndilo swali alilouliza mwalimu mwaka 2018 na 2022. Ndilo swali la askari aliyeshusha pazia la duka lake. Tofauti ni kwamba wao hawana kipaza sauti cha Bunge cha kulisemea.

NA MWANANCHI JE?

Wengine watasema mwalimu na askari walikuwa waajiriwa, mwananchi wa kawaida yeye adai mafao ya kazi gani?

Muulize mkulima wa Ufipa. Juni 2017 serikali ilizuia mahindi yasiuzwe nje ya nchi, ili chakula kibaki na bei ya unga mijini isipae. Zuio likaondolewa Novemba, lakini bei ilikuwa imeshaanguka. Rukwa, mkoa ambao mahindi ndiyo mshahara, watu waliuza kwa bei ya kutupa huku wamekopa mbegu na mbolea. Yaani mkulima ndiye aliyeilipia nchi unga wa bei nafuu, kwa kukosa ada ya mtoto wake. Kama huo si utumishi wa umma, basi utumishi ni nini?

Ni kweli naye anapata vyake. Tangu msimu wa 2022/23 kuna mbolea ya ruzuku, na kaya maskini zina TASAF. Sera ya afya inasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure, na kwenye hospitali kuna mabango ya kumtanguliza mzee. Ila mzee akishatangulizwa dirishani akaambiwa dawa hazipo, anunue nje, hapo ndipo anapojua bango halina mfuko.

Na yule mzee wa mgambo kapita kwenye matundu yote. Kwenye daftari la pensheni hayumo, maana hakuwa mwajiriwa. Kilimo kimemshinda kwa umri, kwa hiyo mbolea ya ruzuku anaisikia tu. TASAF inategemea kama jina lake liliibuliwa kwenye mkutano wa mtaa. Alibeba bunduki ileile, akavuka Mto Kagera uleule, akarudi na jembe lilelile. Kila tarehe 25 Julai anaitwa shujaa, tarehe 26 anakuwa mzigo wa watoto wake.

Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 11, inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kumsaidia mtu wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Haijasema mtu aliyekuwa na ofisi. Imesema mtu.

UTETEZI WA MHESHIMIWA

Ili haki itendeke, mheshimiwa naye asikilizwe. Yeye anasema hivi: hela zile si zangu peke yangu. Nikitoka nyumbani asubuhi kuna watu 20 getini. Huyu kafiwa, anataka jeneza. Huyu mtoto kafaulu, hana sare. Huyu kanisa limeezuliwa na upepo, yule timu ya mtaa haina jezi. Nikisema sina, mwaka wa uchaguzi naonywa kwa kura.

Hajadanganya. Wananchi ndio waliomfanya mbunge awe benki, mfuko wa maafa na bima ya afya kwa pamoja. Kijiwe cha Izia hakikusimama kupungia sera, kilisimama kupungia ya soda.

Lakini hebu tazama mzunguko huo unavyokwenda. Kodi ya mzee inatoka Izia, inakwenda Dodoma. Dodoma inaingia kwenye posho na kiinua mgongo. Halafu inarudi Izia ikiwa ndani ya bahasha, imepungua, na mzee anatakiwa apige makofi na kupiga picha akiwa ameshika mkono wa mheshimiwa. Kilichoondoka kikiwa haki kimerudi kikiwa msaada. Mwenye haki anakwenda dirishani, anaonyesha kitambulisho, anachukua chake. Mwenye kusaidiwa anakwenda getini, anavua kofia, anasubiri.

Ndiyo maana hoja ya "tunawasaidia wananchi" haitoshi. Inaeleza kwa nini mheshimiwa anahitaji lumbesa, haielezi kwa nini mzee asipewe cha kwake moja kwa moja.

MBONA ZAMANI ILIWEZEKANA?

Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana wakipinga masharti ya kujiunga na JKT, ikiwemo kulipwa asilimia 40 tu ya mshahara wakati wa utumishi huo. Mwalimu Nyerere aliwafukuza, na adhabu ile mpaka leo wapo wanaoiona kali kupita kiasi. Ila palepale alijikata mwenyewe. Alipunguza mshahara wake kwa asilimia 20, na wakubwa wa serikali nao wakapunguziwa. Unaweza kubishana naye kwa mengi, lakini siku ile aliyekata alianza na mkono wake.

Juni 2011 naye mbunge mmoja kijana wa upinzani kutoka Kigoma alitangaza kukataa posho ya vikao, wakati huo 70,000 kwa siku, akisema kukaa kikaoni ndiyo kazi yenyewe aliyoajiriwa. Wenzake walimfuata? Wengi walimnunia. Miaka mitatu baadaye Bunge Maalum la Katiba likaanza kwa 300,000 kwa siku kwa kila mjumbe, na bado baadhi ya wajumbe wakasimama kusema haitoshi. Siku hizo Sumbawanga kuna watu walikuwa hawaishiki 300,000 kwa msimu mzima.

Majirani nao wamepambana na jambo hilihili. Mei 2013 Wakenya walipeleka nguruwe mbele ya Bunge lao jijini Nairobi kuwazomea wabunge waliotaka kujiongezea mshahara. Lakini Kenya angalau katiba yao ya 2010 iliunda tume ya mishahara, ili anayelipwa asiwe ndiye anayejipangia. Tanzania bado mheshimiwa anashika mizani na gunia kwa wakati mmoja.

Na kwa wanaosema pensheni kwa wazee wote ni ndoto, wavuke maji tu. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikapandisha hadi 50,000. Haiulizi ulikuwa mvuvi, karani au mama wa nyumbani. Ukifika umri, unalipwa. Uganda nayo inawalipa wazee wake wa miaka 80 na kuendelea. Si hela nyingi. Lakini mzee anayejua tarehe fulani kuna chake anaongea nyumbani kwa sauti nyingine kabisa.

KIPIMO KIWE KIMOJA

Hakuna anayesema mbunge afe njaa, wala askari apunguziwe hata senti. Kinachodaiwa ni vitu vitatu, na vyote vinawezekana.

Kwanza, kiinua mgongo cha mwanasiasa kiingie kwenye kikokotoo kilekile cha mwalimu. Asilimia 40 leo, iliyobaki kila mwezi. Kama kikokotoo ni kizuri, atakifurahia. Kama ni kibaya, kitarekebishwa ndani ya wiki moja, na mwalimu atanufaika.

Pili, pensheni za wastaafu wote, wa jeshi na wa kiraia, zipande kwa sheria kila mishahara inapopanda, kama inavyopanda ya Rais mstaafu. Mei Mosi 2025 kima cha chini cha mshahara wa serikali kilitangazwa kupanda kutoka 370,000 hadi 500,000. Hongera kwa walioko kazini. Bei ya sukari haimuulizi mtu kama bado yuko kazini.

Tatu, wazee wa Bara wapewe pensheni yao kama wa Visiwani, na waliokwenda vitani kama mgambo wawe wa kwanza kwenye foleni. Hawa wanapungua kila mwaka. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 sasa anakaribia 70 au ameshapita. Ukichelewa miaka kumi, hutakuwa na wa kumlipa, utabaki na mnara wa kuwekea mashada.

Pale kijiweni Izia shangingi lilishapita. Kijana wa boda akampakia mzee mpaka hospitali, kufika akakataa nauli. "Acha tu babu, leo siku yenu." Buku moja ile, kijana hajaitangaza popote wala hajapiga picha. Kama dereva wa bodaboda mwenye marejesho ya kila siku kaweza kumkumbuka shujaa kwa alichonacho, nchi yenye Hazina inashindwa nini?

Haya, funguka: mheshimiwa naye awekwe kwenye kikokotoo, au aachwe na lumbesa yake?